Viluwiluwi Bado Vinacheza, na Dawa Inafanya Kazi

Tangu mvua zianze tumeulizwa swali moja na wazazi kadhaa wa mtaani kwetu. Afisa afya alipita nyumba kwa nyumba, akatia dawa ya kuangamiza mbu katika mapipa na matangi ya maji. Siku 3 baadaye mama mwenye nyumba akafunua pipa lake, akaviona viluwiluwi vinapanda na kushuka kana kwamba hakuna kilichotendeka. Akahukumu kuwa dawa ile ni ya bandia, akayamwaga maji, akajaza mengine, na safari hii akakataa yasitiwe kitu. Je, alikuwa na haki?

Swali hili linastahili jibu la kina. Nyumba moja ikiikataa dawa, mbu wake hawautambui mpaka wa ua, na anayeugua homa huenda akawa mtoto wa jirani. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau milipuko ya homa ya dengi ya mwaka 2014 na 2019. Mbu aenezaye maradhi hayo, Aedes aegypti, hazaliwi msituni. Huzaliwa katika pipa, ndoo, tairi bovu na kifuu cha nazi kilichotupwa uani.

Kwanza yapasa kujua kuwa dawa za majini si za aina moja. Ipo temefosi, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Zipo dawa zitokanazo na bakteria, ambazo huharibu utumbo wake. Zote hizo huua viluwiluwi kwa muda wa siku 1 au 2. Aliyetiliwa dawa ya namna hiyo, na siku ya tatu akakuta viluwiluwi wazima, ana haki ya kulalamika. Lakini ipo dawa nyingine iitwayo pairiproksifeni, na hiyo haiui kwa njia hiyo. Kuifahamu kunahitaji kwanza kufahamu jinsi mbu anavyokua.

Kiluwiluwi, ambacho vitabu vya shule hukiita lava, huvua ngozi yake mara 4. Kila mara hutoka mkubwa zaidi, na mara ya nne hutoka pupa, yule mdudu mwenye umbo la alama ya mkato ambaye hali chochote. Baada ya siku 2 hivi, mgongo wa pupa hupasuka na mbu mwenye mabawa hutoka. Katika joto la pwani yetu, safari yote hii tangu yai kuanguliwa yaweza kumalizika kwa juma moja au siku chache zaidi.

Safari hiyo huongozwa na homoni mbili. Ya kwanza ni ekdisoni, ambayo huamrisha ngozi ivuliwe. Ya pili hutoka katika tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo, na wataalamu huiita homoni ya utoto. Hii ndiyo huamua ni nani atakayetoka katika ngozi mpya. Ikiwa nyingi mwilini, hutoka kiluwiluwi tena. Ikipungua, mlango wa utu uzima hufunguka. Kwa hiyo mbu hawi mbu kwa kupewa kitu kipya tu, bali pia kwa kuondolewa kile kilichokuwa kikimbakiza utotoni.

Elimu hii ina historia ndefu. Katika miaka ya 1930, mtaalamu Vincent Wigglesworth wa London alimchunguza Rhodnius, mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kusini, akabaini kuwa kuna kitu kitokacho kichwani kinachomzuia mdudu mchanga asipevuke kabla ya wakati. Mwaka 1956 Carroll Williams wa Marekani alifanikiwa kukikamua kitu hicho kutoka katika mwili wa nondo. Baadaye akatoa hoja kuwa homoni hiyo yaweza kugeuzwa silaha dhidi ya wadudu wenyewe.

Pairiproksifeni ni tunda la hoja hiyo. Ni kemikali inayoiga kazi ya homoni ya utoto. Kiluwiluwi kinapofika wakati wa kupevuka, homoni yake mwenyewe imepungua kama inavyotakiwa, lakini maji yanayokizunguka bado yanauambia mwili kuwa wakati haujafika. Huendelea kula, huendelea kucheza, hata huingia katika hali ya pupa, kisha hufia humo bila kutoa mbu. Mama yetu aliviona viluwiluwi wazima siku ya tatu. Lililobaki kuulizwa ni iwapo kutoka pipani mwake kungeruka mbu.

Jambo hilo laweza kuchunguzwa nyumbani. Chota maji ya pipa lililotiwa dawa pamoja na viluwiluwi wakubwa na pupa, uyatie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na uufunge mdomo kwa kitambaa chepesi. Ngoja juma moja au siku 10. Ukikuta pupa waliokufa wakielea, dawa inafanya kazi. Ukikuta mbu wanaruka chini ya kitambaa, usikifungue. Mwite afisa afya umwoneshe.

Wapo pia wanaohofia kuyanywa maji hayo. Shirika la Afya Duniani limeridhia pairiproksifeni itumike katika vyombo vya maji ya kunywa, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa lita moja. Hicho ni kipimo kidogo mno, na mwili wa mwanadamu hauna homoni ya utoto ya wadudu. Hata hivyo kupima ni kazi ya mwenye ujuzi. Asinunue mtu dawa ya shambani dukani akaitia katika maji ya watoto.

Homoni hizi mbili hazimwachi mbu hata baada ya kuota mabawa. Mbu jike aliyetoka majini leo hawezi kutaga. Kwa siku 2 au 3 homoni ya utoto, ile ile iliyomzuia asipevuke, sasa huyatayarisha mayai yake na kiungo kinachotunza mafuta mwilini mwake. Kisha matayarisho husimama, hungoja damu. Mwaka 1975 Henry Hagedorn na wenzake walionesha kuwa baada ya mbu jike kunywa damu, ovari zake hutoa ekdisoni. Nayo huamrisha kitengenezwe chakula cha kujaza kiini cha mayai. Baada ya siku 2 au 3 mayai huwa tayari, aghalabu yapata 100.

Basi damu yetu si riziki ya mbu ya kila siku. Dume na jike hupata nguvu kutokana na maji matamu ya maua, na dume haumi kamwe. Jike huijia damu kwa ajili ya uzazi, na akishataga huirudia tena kwa ajili ya mayai mengine. Katika kurudia huko ndimo ilimo hatari, kwa sababu kimelea cha malaria huhitaji siku 10 hivi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mbu anayetuua ni yule aliyeishi akauma mara kadhaa.

Kwa hiyo dawa ya majini haitoshi peke yake, na chandarua hakina mbadala. Pairiproksifeni imejaribiwa pia kwenye vyandarua ili kumfanya mbu jike kuwa tasa. Katika utafiti mkubwa wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, vyandarua hivyo havikuonesha ubora wa kudumu kuliko vya kawaida. Vilivyofanya vizuri zaidi ni vile vilivyotiwa klofenapiri. Twalitaja hili ili tusiipe dawa moja sifa ya kumaliza kila kitu. Nafasi ambayo pairiproksifeni inafahamika kufaa ni ndani ya maji, wakati adui angali hana mabawa.

Na kazi ya majini haingoji afisa. Kwa kuwa mbu hukamilika kwa kadiri ya juma moja, kila nyumba na ichague siku yake katika juma. Ndoo, mitungi na mapipa madogo yamwagwe na yasuguliwe kwa brashi kwa ndani, kwani mayai ya Aedes hunata ukutani juu kidogo ya maji na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga bila kusugua ni kuyaacha yangoje maji mapya. Matangi yasiyoweza kumwagwa yafunikwe barabara. Vifuu, makopo na matairi yaondolewe uani.

Na afisa afya atakapobisha hodi tena, afunguliwe mlango na aulizwe mambo mawili: ametia dawa gani, na tutarajie kuona nini pipani baada ya siku ngapi. Mama yule angejibiwa maswali hayo mapema, asingeyamwaga maji yale kwa kudhani ametapeliwa.