Pikipiki za Mwingereza zafufuka bara: nani atarithi spana?

Jina pikipiki hatukulipata kitabuni. Tulilipata masikioni. Mashine za zamani zenye silinda moja kubwa zililia kwa mapigo mazito, ya kuhesabika, na wasemaji wa lugha yetu wakaziita kwa mlio huo: wengine pikipiki, wengine tukutuku.

Nimelikumbuka hilo Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, nilikokwenda kuwatazama wanaonunua na kufufua pikipiki za Kiingereza: BSA, Triumph, Norton, Matchless. Kwa nini bara? Sisi wa Mombasa na Lamu twajua chumvi ya bahari inavyokitafuna chuma. Nyanda za Kajiado ni kavu. Chuma kilicholala ghalani miaka mingi huweza kuamka na kutu ya juujuu tu.

Adui wa huko si hewa, ni mzani. Viwanda vya kuyeyusha chuma viko hapo jirani, Athi River, na mnunuzi wa chuma chakavu hupima kwa kilo. Kwake yeye BSA na sufuria iliyotoboka ni mamoja. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, kwa kuwa nyaya za umeme zilikuwa zikiibwa, kisha ikaifungulia Mei mwaka huo huo. Magari ya chuma yakarudi barabarani.

Wako wasemao: na ziyeyushwe, hayo ni masalio ya mkoloni. Sikubaliani nao. Ni kweli BSA aina ya M20 ilikuwa chombo cha jeshi la Mwingereza katika vita vya pili. Zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Lakini huku kwetu aliyezitia grisi na kuzikokota matopeni alikuwa nani?

Sasa tufike penye uchungu. Nati nyingi za mashine hizi zimekatwa kwa kipimo cha Whitworth, kilichoanza Uingereza 1841. Spana za milimita tunazouziwa leo ama hupwaya ama haziingii, na mwenye kulazimisha humega pembe za nati. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha bodaboda. Kijana akitaka kusimama hujikuta anabadili gia. Spea ikikosekana, fundi huikereza mwenyewe. Elimu hiyo haimo kitabuni, imo viganjani mwa wazee wachache. Kule Nairobi yako mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, ambako magari na pikipiki za zamani hupimwa uzuri. Tuzo hupewa mwenye chombo. Fundi hulipwa ujira wake, basi.

Wahindi walishika njia nyingine. Royal Enfield ilianza kuundwa Madras 1955, na kiwanda cha Uingereza kilipokufa, cha India kikaendelea. Mwaka 2016 jina la BSA lilinunuliwa na kampuni ya Mahindra. 2020 Norton ikanunuliwa na TVS. Ndiyo hiyo TVS ya bodaboda zinazopiga kelele kando ya barabara ya Namanga! Mtawaliwa amemnunua mtawala kwa sababu hakuiacha karakana ife.

Nasi pwani twalielewa jambo hili. Kule Matondoni jahazi hutiwa ubao mpya leo na mwingine mwaka kesho, hata likawafikia wajukuu, na hapana asemaye kwamba ni chombo kingine, maadamu yupo wa kutia kalafati. Vyuo vya ufundi vya Kajiado vingeweza kuwaita wazee hawa wakafundishe hata siku moja kwa juma.

Nilimwuliza fundi mmoja wa Kitengela ana wanagenzi wangapi. Akasema mmoja, naye hushinda steji ya bodaboda mpaka saa kumi jioni, kwani huko hulipwa kila siku.