Switch 2 ni moto, lakini kaseti isiyo na gemu ni ya nini?

Kama ulikulia mtaani miaka ya elfu mbili kama mimi, umewahi kucheza Nintendo. Usikatae. Ile mashine ya plastiki tuliyoiita "TV game", yenye padi mbili za waya mfupi na bunduki ya kupigia bata, ilikuwa nakala ya Famicom, konsoli ambayo Nintendo ilianza kuuza Japani mwaka 1983. Hakuna aliyetuambia. Sisi tulijua tu kuna jamaa mfupi mwenye masharubu anayeruka juu ya uyoga, na kwamba ile kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999 ilikuwa na gemu kama kumi hivi, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Kaseti ikikataa kusoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Ukiboeka nayo unabadilishana na jirani, na jioni mnarudishiana au mnapigana.

Nimeanza na kaseti kwa sababu ndiyo shida yangu kubwa na Switch 2, konsoli ambayo Nintendo ilianika wazi Aprili 2, 2025. Najua umeshaona video. Najua kuna mtu kwa grupu lenu ameshaandika "naichukua hiyo" na hana hata nauli ya kesho. Ngoja tuongee kidogo kabla hujaanza kuweka akiba.

Kwa ambaye yuko nyuma: Switch ni konsoli ya sehemu mbili. Ukiwa nyumbani unaiweka kwenye kituo chake na inaonyesha kwa TV. Ukitoka unaichomoa, inabaki mkononi kama tableti yenye padi pembeni, na gemu inaendelea pale pale ulipoachia. Ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2016 na ikaingia sokoni Machi 3, 2017 kwa dola 299.99. Wakati huo Nintendo ilikuwa imeumia, maana Wii U iliyotangulia iliuza chini ya milioni 14 duniani kote. Wengi waliona ile video ya 2016 wakacheka: nguvu kidogo, betri ndogo, nani atabeba tableti ya gemu kwa basi? Leo Switch imevuka milioni 150. Kwa hivyo mtu akikuambia ana uhakika Switch 2 itafaulu au itafeli, mwitikie tu kwa heshima na uendelee na chai yako.

Na wazo lenyewe, ukilifikiria vizuri, ni kama lilibuniwa na mtu aliyewahi kuishi kwa ploti zetu. Uko dakika ya 88, uko mbele moja bila, mpinzani anakuja kasi, halafu stima inaenda. TV nyeusi. Ploti nzima inapiga mayowe kama kwamba kuna bao. Mwenye Switch anaichomoa kwa kituo na kumaliza mechi yake gizani.

Sasa mpya imeleta nini? Januari 16 Nintendo ilitoa video fupi tu, na maoni ya wachezaji wengi yalikuwa yale yale: ni Switch, ila imekula ikashiba. Sikuona ubaya. Mtu aliyepata ugali wake hahitaji kugeuza mapishi kila mwaka. Aprili 2 ndipo nambari zikaja. Skrini imetoka inchi 6.2 hadi 7.9, na sasa ni 1080p badala ya 720p, inayofikia fremu 120 kwa sekunde. Ukiiweka kwa TV inaweza kutoa picha ya 4K. Hifadhi ya ndani ni GB 256, wakati ya zamani ilikuja na 32 tu. Padi za pembeni, zile Joy-Con, sasa zinashikana na mwili kwa sumaku, na ukizilaza kwa meza zinafanya kazi kama mausi ya kompyuta. Kuna kitufe kipya cha C cha kupiga gumzo na marafiki mkicheza. Kamera inauzwa kando. Hiyo ya gumzo mimi imenipita. Mbogi yangu ikicheza inakaa kochi moja na gumzo liko tele, mengine hata hayafai kuandikwa hapa.

Swali ambalo wachezaji wa zamani walilisubiri lilikuwa la kijiti. Joy-Con za kwanza zilipata sifa mbaya kwa vijiti vinavyojisukuma vyenyewe: umeacha padi kwa meza na mchezaji wako anatembea kuelekea shimoni kama amelogwa. Nintendo inasema vijiti vipya vimeundwa upya na ni laini zaidi. Sawa. Mimi nitaamini baada ya mwaka mmoja wa vidole vyenye mafuta ya chipsi.

Lakini hayo si yaliyowasha moto. Bei ndiyo iliyowasha. Konsoli ilitangazwa kwa dola 449.99. Mario Kart World, gemu yake kubwa ya kuanzia, ilitangazwa kwa dola 79.99 ukiinunua peke yake. Nintendo ilipofuata na matangazo ya moja kwa moja ya watu wakicheza, watazamaji walijaza sehemu ya maoni na ujumbe mmoja tu, shusha bei, shusha bei, mpaka ukashindwa kuona kitu kingine. Hata ile programu ya kukuonyesha mashine yako mwenyewe inavyofanya kazi, Welcome Tour, iliwekewa bei ya dola 9.99. Yaani umenunua nyumba, halafu keateka anakutoza ada ya kukuonyesha choo kiko wapi. Juu ya hapo, ushuru mpya uliotangazwa na Rais Trump siku hiyo hiyo ukafanya Nintendo iahirishe kuanza kupokea oda za mapema Marekani.

Tuitafsiri kwa shilingi. Dola moja ikiwa karibu Sh129, konsoli ni kama Sh58,000. Hapo bado iko kwa rafu ya Marekani. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, na faida ya mtu wa Luthuli Avenue ambaye naye ana watoto. Gemu moja ni zaidi ya Sh10,000 kabla ya mambo hayo yote. Kuna ploti huku Eastlands ambapo hiyo ni rent ya mwezi na bado unabaki na ya gesi.

Hata hivyo bei, kwangu, si tatizo lenyewe. Konsoli zote zilikuja ghali na tukacheza. Tulicheza vipi? Hapa niruhusu nikuambie nilikotoka.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imekataa, na nisidanganye, mimi pia nilikuwa nimeanza kukataa. Nikaenda kushika duka la gemu Kayole, chumba kimoja cha mabati chenye TV nne na viti vya plastiki. Mechi moja mbao, yaani shilingi 20. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa anatoa mbao nyingine au anampisha mwenzake. Watoto walikuja na ya kununua maziwa, na mama zao walikuja dakika kumi baadaye. Pale ndipo niliposoma uchumi, tena bila kaunta ya karo. Konsoli moja ilikuwa inahudumia labda vijana mia kwa wiki. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kuinunua, na wote walikuwa wachezaji wazuri kuliko mimi.

Na diski ndizo zilizotuweka hai. Mwenye duka hakununua mpya. Alinunua ya mtumba, tukaichezesha hadi watu waichoke, kisha mimi natumwa tauni na diski mfukoni, natoa hiyo, naongeza kidogo, narudi na nyingine. Siku moja nilienda na moja ya vita iliyokuwa haivutii mtu, nikaongeza Sh500, nikarudi na ya mieleka iliyojaza duka kwa miezi miwili. Diski hiyo ilikuwa imepitia mikono mingapi kabla yangu? Ilikuwa na mkwaruzo kama ramani ya barabara za Githurai. Lakini gemu yote ilikuwa mle ndani. Unaweka, inacheza. Hauombi mtu ruhusa.

Sasa rudi kwa kaseti za Switch 2. Kuna aina mbili. Moja ni kaseti ya kawaida, gemu iko ndani. Cyberpunk 2077, kwa mfano, inakuja nzima kwenye kaseti ya GB 64, na waliofanya hivyo wanastahili soda. Aina ya pili inaitwa game-key card. Hii ni kaseti yenye umbo lile lile na boksi lile lile, na ndani yake hamna gemu. Kuna ufunguo tu. Unaichomeka, inakuambia uingie intaneti upakue gemu nzima, na hata ukishapakua lazima kaseti ibaki ndani ndipo ucheze. Street Fighter 6 ni mojawapo.

Wanaoitetea wana hoja, na nitaitaja kwa haki. Kaseti zenye nafasi kubwa ni ghali kutengeneza. Na afadhali ufunguo kuliko msimbo wa kupakua ulioandikwa kwa karatasi, kwa sababu ufunguo unaweza kuuuza au kumwazima mtu. Ni kweli. Kwa mtu wa Tokyo mwenye Wi-Fi isiyolala, hiyo ni dakika kadhaa za kusubiri.

Sasa fikiria huku kwetu. Gemu kubwa za siku hizi huvuka GB 50 bila kupepesa. Wewe unaishi kwa bando. Umenunua kaseti ya mtumba kwa bei nzuri, umefika kwa keja, umeichomeka, na mashine inakuomba GB 50. Umeicheza, umechoka, umemwazima jirani: naye anaombwa GB 50 zake. Amekurudishia, na wakati huo ulikuwa umeifuta ili upate nafasi: wewe tena, GB 50. Kila mara kaseti ikibadilisha mikono, kuna mtu analipa data upya. Muuzaji wa mtumba lazima akushushie bei kwa sababu hiyo, na ule mzunguko uliotulisha dukani unakwama. Na ukidhani utatanua nafasi kwa ile memori kadi ya zamani ya simu, pole. Switch 2 inataka microSD Express kwa gemu zake, na hizo ni nadra na ghali.

Kuna pia suala la miaka ijayo. Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la Wii U na 3DS, na gemu zilizokuwa zikiuzwa huko pekee zikaacha kuuzwa. Waliokuwa wamenunua bado wanaweza kupakua walichonunua, kwa sasa. Ile kaseti yangu ya njano haikuhitaji neno "kwa sasa". Nikiipata leo chini ya kitanda kwa shosho, nikiipuliza, itawaka.

Usinisikie vibaya, sisemi Nintendo imekosa moyo wa kushiriki. Kuna kitu kwenye hii mashine kinaitwa GameShare, na nashangaa ni wachache wanaokipigia kelele. Mtu mmoja mwenye Switch 2 na gemu inayokubali anaweza kuirusha kwa konsoli ya mwenzake aliye karibu, hata kama mwenzake ni wa Switch ile ya zamani na hana hiyo gemu, mkacheza pamoja. Mmoja ananunua, mbogi inacheza. Ni fikra ya mtaa kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona kampuni hiyo hiyo ikiweka ufunguo mahali pa gemu.

Kwa hivyo nikiulizwa, na mmeniuliza: ilianza kuuzwa Juni 5, 2025, lakini usikimbilie kuiagiza. Ukiwa na hamu ya Nintendo, Switch ya zamani iliyotumika ndiyo ningetafuta, kagua vijiti vyake kabla ya kutoa hata senti, na kaseti zake zina gemu ndani. Zitacheza pia kwenye Switch 2, karibu zote, siku utakapoipata. Na ukinunua gemu za Switch 2, geuza boksi usome sehemu ya chini kule mbele. Zile za ufunguo zimeandikwa. Ziache kwa rafu ili anayehesabu mauzo aone hesabu yake.

Juzi nilipitia lile duka la Kayole nikawaonyesha vijana video ya Aprili 2 kwa simu. Waliitazama Mario Kart World wakiwa kimya, magari 24 yakikimbizana hadi nje ya barabara. Wa kwanza kuongea aliuliza kama iko na FC. Nikamwambia iko. Wa pili akauliza padi ni ngapi kwa boksi, nikamwambia zile mbili za pembeni zikichomolewa kila mtu anashika yake, akaitikia kwa kichwa. Wa tatu, mdogo wao wote, akauliza kama ukinunua kaseti unaweza kumwazima msee. Nikaanza kumweleza ile habari ya ufunguo, na kabla sijafika kwa GB 50 zamu yake ilikuwa imefika, akaniacha nikiongea na kiti.