Kujifananisha si Kufananishwa: Wenye Usonji na Wahusika wa Bunilizi za Kisayansi

Wahenga walinena kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Methali hii humweleza mtu ambaye, kwa ajili ya kitu akipendacho, yu tayari kukosa usingizi na hata kuchekwa. Shabiki wa kandanda anayeweza kutaja wafungaji wa mabao wa miaka ishirini iliyopita huitwa mpenzi wa mchezo. Mshairi anayekesha akihesabu mizani na kusaka vina huitwa malenga. Hakuna anayependekeza kwamba watu hao watibiwe. Hata hivyo, shauku iyo hiyo inapojitokeza kwa mtoto mwenye usonji hubadilishiwa jina mara moja: haiitwi tena mapenzi, huitwa dalili. Makala haya yanashikilia kuwa shauku hiyo, hasa inapoelekezwa kwa wahusika wa bunilizi za kisayansi, ni aina ya usomaji inayostahili heshima ya mhakiki. Aidha, yanashikilia kuwa hatari haitokani na msomaji anayejifananisha na mhusika, bali inatokana na jamii inayomfananisha bila kumuuliza.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 wa aina hiyo mwaka 1943. Mwaka uliofuata, Hans Asperger aliandika kuhusu watoto wengine mjini Vienna. Wote wawili walitambua kwamba baadhi ya watoto hao walishikamana na mambo machache kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, ungali unaiorodhesha shauku hiyo miongoni mwa vigezo vya usonji. Daktari kutaja anachokiona si kosa. Kosa huanza pale mwalimu au mzazi anapoichukua orodha ya daktari na kuifanya kuwa maelezo kamili ya mtu.

Maelezo tofauti yalitolewa mwaka 2005 na Dinah Murray na wenzake. Hoja yao inaweza kufafanuliwa kwa mfano wa mto. Umakini wa binadamu ni maji yenye kipimo. Watu wengi huyagawa katika mifereji mingi midogo, hivi kwamba kila shamba hupata kidogo. Mtu mwenye usonji huyaelekeza katika mfereji mmoja au miwili, na humo maji huenda kwa kasi na kina. Ndiyo maana kumkatiza ghafla anapokuwa ndani ya shauku yake humuumiza, na ndiyo maana pia yale anayoyajua humo huwashangaza watu wazima. Kwa mujibu wa maelezo haya, shauku si kasoro iliyobandikwa juu ya akili timamu. Ni namna akili yenyewe inavyofanya kazi.

Shauku za wenye usonji ni nyingi: treni, ramani, wadudu, tarehe, lugha. Si wote wanaopenda hadithi za sayari za mbali, na wapo wasiozijali kabisa. Hata hivyo, uhusiano wa wengi wao na bunilizi za kisayansi umeandikwa kwa miaka mingi. Ushahidi unaojulikana sana ni wa Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyekuja kuwa profesa wa sayansi ya mifugo. Katika kitabu chake cha mwaka 1995, Thinking in Pictures, alieleza kuwa alikuwa mpenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek tangu ilipoanza kuonyeshwa, na kwamba mantiki ya wahusika wake ilimwathiri katika siku zake za chuo. Mwaka 1993, daktari na mwandishi Oliver Sacks alikuwa amechapisha insha kumhusu, na kichwa chake alikitoa katika maneno ya Grandin mwenyewe: kwamba miongoni mwa watu alijihisi kama mwanaanthropolojia katika sayari ya Mirihi. Sacks aliongeza kuwa wenye usonji wengi hujiona katika wahusika wawili wa hadithi hizo, yaani Spock na Data.

Spock, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966, ana mama binadamu na baba wa sayari ya Vulcan, ambako watu hufunzwa kuzitawala hisia kwa mantiki. Data, aliyeingia mwaka 1987, ni roboti mwenye umbo la mtu anayejifunza mzaha, mazungumzo ya kupitisha wakati na desturi za urafiki kana kwamba anasoma lugha ya kigeni. Wote wawili hufanyiwa utani na wenzao. Hata hivyo, chombo kinapopatwa na hatari, hao ndio wanaoulizwa la kufanya.

Kwa nini wahusika hawa, wala si wapenzi wa riwaya za kawaida? Grandin alimweleza Sacks kwamba hakuwahi kuelewa Romeo na Juliet walikuwa na nia gani hasa. Jibu hili huweza kumchekesha mwanafunzi wa fasihi, lakini lina uhakiki ndani yake. Katika hadithi ya mapenzi, mengi yaliyo muhimu hayasemwi. Mhusika hutazama chini, mwenzake hunyamaza, na msomaji hutarajiwa kuelewa. Katika bunilizi za kisayansi, kwa upande mwingine, yupo mgeni ambaye lazima aelezwe. Darko Suvin, katika miaka ya 1970, aliufafanua utanzu huu kuwa ni fasihi inayoufanya ulimwengu uonekane mgeni ili akili iuchunguze upya. Spock anapouliza kwa nini binadamu husema asilolimaanisha, kanuni iliyofichika hutamkwa kwa sauti. Msomaji mwenye usonji, ambaye maisha yake yote amedaiwa azijue kanuni ambazo hakuna aliyemtamkia, hupata humo mambo mawili kwa pamoja: maelezo aliyoyahitaji, na mwenzake katika kuuliza.

Aidha, si mgeni peke yake anayefaidika. Mwaka 2012, Damian Milton, mtaalamu wa sosholojia mwenye usonji kutoka Uingereza, alitoa hoja kwamba kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Mwenye usonji hushindwa kumsoma jirani, na jirani naye hushindwa kumsoma yeye. Lakini ni mmoja tu anayeitwa mgonjwa. Waswahili walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la mgeni humlazimisha mwenyeji aitazame nyumba yake.

Hapa inafaa kutazama jinsi jamii inavyopima kwa mizani miwili. Katika Star Trek hiyo ya mwaka 1966 yumo pia afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kuwa siku ya majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayoihusu Kenya. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda anga za juu, mwaka 1992, alieleza kuwa utotoni alitiwa moyo na Uhura. Ulimwengu ulishangilia, na ulikuwa na haki ya kushangilia. Msichana mweusi aliyejiona katika mhusika wa kubuni alisifiwa kwa kuwa na ndoto. Mtoto mwenye usonji anayejiona katika Spock hufanya tendo lilo hilo la kisomaji, naye huambiwa kuwa anaukimbia ulimwengu halisi.

Hata hivyo, lipo pingamizi zito ambalo halistahili kupuuzwa. Ikiwa wenye usonji wenyewe hujilinganisha na roboti, je, hawaithibitishi dhana kwamba hawana hisia? Sarufi ya Kiswahili hutoa msaada hapa. Katika kujifananisha, kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa ndiye mtendwa: yeye huchagua mhusika, sifa anayoitaka na mahali pa kukomea. Katika kufananishwa, kiambishi -w- huondoa uwezo huo wote. Msichana mwenye usonji akisema, “Mimi ni kama Data,” huenda anamaanisha kwamba anajifunza desturi za watu kwa bidii na kwamba hakuna anayeiona bidii hiyo. Mwalimu akimwambia, “Wewe ni kama roboti,” anamaanisha kwamba ndani yake hamna kitu. Maneno yanakaribiana, lakini maana zimeachana kabisa.

Kufananishwa huku kumewahi kuua. Mwaka 2018, mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi kwamba Asperger, chini ya utawala wa Nazi, alishiriki katika kupeleka watoto kwenye kliniki ya Am Spiegelgrund mjini Vienna, mahali ambapo watoto wenye ulemavu waliuawa. Watoto hao hawakuulizwa walikuwa nani. Walikwisha kuwekwa katika kundi la wasio na thamani.

Kipindi kimoja cha Star Trek cha mwaka 1989, kilichoandikwa na Melinda Snodgrass, kinalikabili suala hili moja kwa moja. Mwanasayansi aitwaye Maddox anataka kumfungua Data vipandevipande ili amchunguze. Data anakataa. Shauri linaletwa mbele ya jaji ili iamuliwe kama Data ni mali ya jeshi la anga au ana haki ya kuchagua. Ili kuthibitisha kuwa ni mashine, rafiki yake, aliyelazimishwa kuwa kiongozi wa mashtaka, anamng'oa mkono na kumzima. Kisha kapteni wake anauliza kuhusu vitu ambavyo Data alivifungasha alipokuwa akijiandaa kuondoka: nishani zake, kitabu alichopewa na kapteni huyo, na picha ya rafiki aliyefariki. Mtu asiye na hisia angefungasha picha hiyo kwa nini? Jaji anaamua kwamba Data ana uhuru wa kuchagua. Mwishoni Maddox, ambaye tangu mwanzo amekuwa akimtaja Data kwa kiwakilishi cha vitu, anamtaja kwa kiwakilishi cha watu, na jaji hakosi kuligundua badiliko hilo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa uzito wa badiliko hilo. Ni badiliko la ngeli. Nomino kiziwi, kipofu na kiwete zina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, ingawa upatanisho wake wa kisarufi ni wa A-WA. Na mjadala wa kuyaacha majina hayo kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu ni mjadala kuhusu nani anahesabiwa mtu. Waandishi wa karibuni wameusogeza mjadala huu mbele zaidi. Katika All Systems Red, kitabu cha Martha Wells cha mwaka 2017, msimulizi ni roboti mlinzi anayependa mno tamthilia za mfululizo na kuchukia kutazamwa usoni. Tofauti na Data, hatamani kuwa binadamu. Anataka kuachwa awe alivyo, na wasomaji wengi wenye usonji wamesema kwamba wanajiona humo.

Wapo watakaosema kwamba shauku ikiachwa bila mipaka humnyima mtoto chakula, usingizi na masomo mengine. Ni kweli kwamba huweza kufanya hivyo, na mzazi ana wajibu wa kuweka saa ya kulala. Lakini kuweka mpaka si kuziba mfereji. Grandin alipokuwa kijana alivutiwa na kizimba cha kubania ng'ombe katika shamba la shangazi yake huko Arizona, akaunda mashine ya kujibana mwenyewe ili atulie. Washauri wa shule walitaka aachane nayo. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, alimshauri atafute sababu ya kisayansi iliyofanya mashine hiyo itulize. Ili kuijua sababu hiyo ilimbidi asome, na usomi wake ukaanzia hapo.

Ushauri huo unawahusu hasa wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa wengi wao ni walimu au watakuwa walimu. Nchini Kenya, Autism Society of Kenya ilianzishwa mwaka 2003, na zipo shule za umma zenye vitengo vya wanafunzi wenye usonji. Hata hivyo, wapo pia wanaoketi katika madarasa ya kawaida bila hali yao kujulikana. Mmoja wao ndiye yule ambaye kila akiandikishwa insha hurejea kwenye sayari na vyombo vya angani, na insha yake hurudishwa na wino mwekundu usemao kuwa ametoka nje ya mada. Mwalimu anaweza kumfunza mada kwa kupitia sayari zake. Anaweza pia kufunza riwaya teule kwa kuyatamka yasiyotamkwa: mhusika huyu amenyamaza kwa nini, na kicheko kile kilikuwa na maana gani? Maswali hayo yatamfaa mwenye usonji, na yatawafaa vilevile wenzake waliokuwa wakijifanya wameelewa.

Fasihi ya Kiswahili si geni katika safari za namna hii. Mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha riwaya ambayo shujaa wake, Dzombo, anaiacha jamii iliyomhukumu na kufika katika nchi ya ajabu. Jina la nchi hiyo ni Walenisi. Likitenganishwa husomeka: wale ni sisi.