Asilimia ya Nini?

Katika kusahihisha mazoezi ya sayansi tumekutana mara nyingi na kosa moja ambalo walimu wapya huwarithisha watoto bila kujua. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zimechomwa tanuuni, zikapatikana kilo 42 za chokaa. Mazao ni asilimia ngapi? Wengi huandika 42 pasipo kusita.

Jibu hilo linamwonea mchomaji. Mawe hayo, hata yakichomwa kwa ustadi usio na kasoro, hutoa kilo 56 tu za chokaa; kilo 44 huruka hewani zikiwa gesi ya kaboni dioksaidi, wala hakuna fundi awezaye kuzizuia. Basi 42 hugawanywa kwa 56, si kwa 100, na mazao ni asilimia 75. Upungufu wa kulaumiwa ni kilo 14: pengine mawe ya katikati hayakuiva, pengine chokaa ilimwagika. Ndiyo maana twashikilia kwamba kanuni isiandikwe ubaoni kabla darasa halijauliza: asilimia ya nini?

Kosa la pili ni ndugu wa hilo. Chokaa itokayo tanuuni huzimwa kwa maji, na kilo 56 za chokaa huhitaji kilo 18 za maji. Tukiwa na kilo 50 za chokaa na kilo 18 za maji, nini kitakwisha kwanza? Jicho hukimbilia namba ndogo, likasema maji. La, chokaa ndiyo itakayokwisha, na karibu kilo 2 za maji zitabaki. (Kazini maji mengi hugeuka mvuke kwa ule ukali wa joto, hivyo fundi huzidisha; hapa twasema hesabu tu.)

Ndugu mwanachuo, chokaa hiyo huunguza ngozi na macho, usiilete darasani. Leta vifungo 40, na mashati 10 yaliyochorwa kwenye karatasi, kila shati likitaka vifungo 7. Waache watoto wapange wenyewe, usiwaharakishe. Shati la sita litapungukiwa vifungo viwili, ingawa vifungo ni vingi kuliko mashati. Watabishana, na ubishi huo usiukatize. Ukitulia, warudishe kwenye chokaa na maji, kilo 50 na 18 zile zile.