Usiuze mashine ya polishi kwa picha tu



Leo tuzungumze habari ya mashine za kupigia polishi gari. Naziona zimejaa kwenye status zetu: gari linang'aa kama kioo, chini yake "bei njoo inbox", basi. Mie naona huko ni kumtega mteja. Na nasema hivyo kwa sababu mwenyewe nimeshamtega mmoja.

Niko Kojani. Kwetu gari unaliacha ng'ambo ukavuka kwa mashua, kwa hiyo wateja wangu wa vifaa vya gari wako Wete, Konde na Chake. Kijana mmoja anayeosha magari Wete aliona picha kwenye status yangu, akaniuliza, "Hii inatoa mikwaruzo?" Nikamjibu, "Inatoa, kaka." Nikamfungia mzigo, ukavuka. Siku ya tatu akanitumia picha ya boneti ya gari jeusi: alama za duara boneti zima, na kwenye ukingo rangi imetoka mpaka praima inaonekana. Na gari si lake, ni la mteja wake.

Mashine niliyomuuzia ilikuwa rotary. Mie sikujua hata kama kuna tofauti. Nikamrudishia pesa zake zote na nikachangia gharama ya fundi rangi. Faida ya mwezi mzima ikaishia hapo. Kilichoniuma zaidi ni yule kijana kupoteza mteja kwa neno langu.

Sasa tofauti yenyewe ni hii. Mashine iliyoandikwa rotary, sahani yake inazunguka palepale kwenye mhimili mmoja, kama grenda. Inakata haraka, lakini ukiituliza mahali pamoja joto linapanda na rangi inaungua. Kwa fundi mzoefu ni chombo kizuri sana. Kwa anayejifunza ni hatari.

Iliyoandikwa DA, au random orbital, sahani yake inazunguka na huku inayumba kwa duara dogo. Joto halijikusanyi sehemu moja, na nyingi kati yake ukiikandamiza mno inaacha kuzunguka. Hiyo ndiyo kinga ya mtumiaji. Inachelewa kidogo, lakini makosa yake ni madogo. Anayeanza muuzie hii.

Kwa nini tujali? Magari mengi tunayoyapanda yana klia juu ya rangi, na klia hiyo mara nyingi ni kama maikroni 40 mpaka 50 tu. Unywele wa kichwa chako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Kupiga polishi ni kuikwangua hiyo klia kidogo ili mikwaruzo ipotee. Ikiisha hairudi kwa polishi, inarudi kwa kupuliza rangi upya.

Kwa hiyo kabla hujamtajia mteja bei, muulize mambo matatu.

Kwanza, umewahi kutumia mashine hii, na unapiga gari gani? Jibu ndilo linalochagua mashine. Za DA zina vipimo vya kuyumba. Ya milimita 15 na pedi ya inchi 5 inafaa kazi nyingi. Ya milimita 21 inamaliza haraka boneti na paa la gari kubwa, lakini kwenye sehemu nyembamba na zenye mikunjo inasumbua.

Pili, utapata wapi pedi na dawa? Mashine peke yake haifanyi kitu. Pedi ngumu na kompaundi hukata, pedi laini na polishi hung'arisha. Pedi moja haitoshi gari zima, inajaa uchafu. Hapa ndipo ilipo biashara ya kudumu: mashine anaweza kununua mara moja kwa miaka, pedi na dawa atarudi kwako kila mara.

Tatu, umeme. Huku kwetu ni volti 230. Mashine ya mtumba ya Marekani hutaka 120, ya Japani 100. Ukiichomeka bila transfoma inaungua hapohapo. Soma kibati cha mashine na ukipige picha, mteja akione.

Mzigo ukiondoka, mtumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Mie sasa nasema hivi: Osha gari vizuri, punje moja ya mchanga chini ya pedi inatosha kukuharibia kazi. Fanya kivulini, bodi ikiwa baridi. Ziba kingo na mipira kwa tepu ya karatasi, maana kwenye kingo rangi ni nyembamba. Anza na pedi laini, jaribu kipande kidogo kwanza. Weka matone manne ya dawa, paka kwa spidi ya 1, kisha panda 4 au 5. Fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, pedi ilale sawasawa, mkono utembee polepole, usikandamize. Chora mstari kwa makapeni kwenye ukingo wa sahani: ukiona mstari umesimama, umekandamiza mno. Futa, angalia kwa tochi ya simu. Mkwaruzo ukishika kucha usiufukuze, huo umeingia ndani.

Wenzangu wananiambia, "Wewe si fundi, kazi yako kuuza." Sikubali. Hapa Kojani hakuna muuza nyavu anayekuuzia "wavu" tu. Atakuuliza unakwenda kuvua nini, macho ya inchi ngapi. Jarife la papa hampi anayetafuta dagaa, hata kama pesa ipo mkononi. Na huyo mnunuzi anaushika wavu kwa mikono yake! Sisi wateja wetu hawashiki kitu. Wananunua picha na maneno yetu. Maneno yakiwa mabovu, bidhaa nzima mbovu.

Tena dini imetufunza kuwa aibu ya bidhaa haifichwi. Kusema "sikujua" nami nilijaribu, haikuzuia kitu. Kama hujui, jifunze, au bidhaa hiyo uiache.

Kweli, nikiuliza maswali wengine hukimbilia kwa anayeuza rahisi. Mwezi ule wa kwanza niliuza mashine mbili tu. Lakini hakuna iliyorudi, na mmoja wa hao wawili ameshaniletea mwenzake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Leo ingia kwenye tangazo lako, uandike aina: rotary au DA. Milimita ngapi. Volti ngapi. Pedi ngapi ndani ya boksi. Na bei, jamani, iandike.

Na wewe unauza nini ambacho hujawahi kukitumia? Tuambie hapa chini, tufunzane.