Mtihani Uwe Taa, Usiwe Fimbo



Juma hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linaloigusa kila nyumba hapa Ole, nalo ni namna watoto wetu wanavyofundishwa na wanavyopimwa katika skuli za msingi. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache, lakini watoto wetu hukaa dawati moja na watoto wa jirani zetu Waislamu, husomeshwa na mwalimu mmoja, na hufanya mtihani mmoja. Jambo hili ni letu sote.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa katika mwaka wa kichungaji, kabla ya kuanza masomo ya teolojia, tulipewa vipindi vya hisabati katika skuli moja ya msingi. Kila mwisho wa mwezi tulitoa jaribio, tukasahihisha kwa kalamu nyekundu, tukapanga majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha tukayasoma mbele ya darasa. Tuliamini kwamba huko ndiko kupima. Alikuwapo mtoto mmoja aliyeshika mkia miezi mitatu mfululizo. Siku moja tulilitazama daftari lake kwa utulivu, tukagundua kwamba makosa yake yote yalikuwa ya namna moja. Alipoulizwa 52 kutoa 17, aliandika 45. Alipoulizwa 81 kutoa 36, aliandika 55. Katika kila safu, mtoto yule alitoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi ipo juu na ipi ipo chini.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na kanuni yake, akaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ilikuwa na kasoro, na hakuna aliyewahi kumwuliza, "Umefikaje hapa?" Tulikaa naye kwa muda usiozidi nusu saa, tukiwa na vijiti vilivyofungwa makumi makumi, akaelewa. Lakini hata baada ya kuelewa, mkono wake hakuunyanyua tena darasani hadi tulipoondoka skulini pale. Hesabu ilirekebishika katika nusu saa. Aibu ya miezi mitatu haikurekebishika. Jambo hilo tumelibeba hadi leo.

Ndugu zangu, walimu hufundishwa vyuoni kwamba upimaji ni wa aina mbili. Upo upimaji tamati, unaofanyika mwishoni ili kujua nani amefikia wapi. Upo pia upimaji endelevu, unaofanyika wakati mtoto angali anajifunza, ili mwalimu ajue pa kumsaidia. Shida yetu ni kwamba huu wa pili tumeufanya uwe mtoto mdogo wa ule wa kwanza. Majaribio ya kila wiki na kila mwezi mara nyingi huishia katika alama na nafasi. Mtoto huambiwa amepata 4 kati ya 10. Haambiwi afanye nini ili zile 6 azipate.

Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Uingereza, Paul Black na Dylan Wiliam, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi juu ya suala hili. Walionesha kwamba upimaji unaomrudishia mtoto maelezo ya kumsaidia huinua kiwango cha kujifunza, na aghalabu huwanufaisha zaidi wale walio nyuma. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1988, Ruth Butler alikuwa amechapisha utafiti uliofanyika miongoni mwa wanafunzi wa Israeli. Waliopewa maelezo matupu juu ya kazi zao walisonga mbele; waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika kama wenzao. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtoto akishaiona alama, macho yake huishia hapo, na maneno ya mwalimu hayasomi tena.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Watazameni jirani zetu katika vyuo vya Kurani. Mtoto huketi mbele ya mwalimu wake, akasoma, mwalimu akasikiliza. Akikosea herufi, husahihishwa papo hapo. Asipoisoma vizuri sehemu aliyopewa, hurudi kuirudia, naye hasongi mbele kwa sababu tu mwezi umekwisha. Watoto wakiwa wengi, mkubwa humsikiliza mdogo. Pengine yapo ya kurekebishwa huko pia, lakini jambo hili moja la kumsikiliza kila mtoto kwa zamu yake ni hazina ambayo skuli zetu zimeipoteza, ilhali watoto ni wale wale.

Tukiacha kusikiliza, matokeo yake tunayafahamu. Kuanzia mwaka 2010, mpango wa Uwezo ulitoa matokeo ya upimaji uliofanywa nyumba kwa nyumba Tanzania Bara, kwa maswali ya kiwango cha darasa la 2. Walipatikana watoto waliofika hadi darasa la 7 bila kuyamudu. Walipanda madarasa mwaka baada ya mwaka, wakafanya majaribio mengi, lakini hakuna jaribio lililomwambia mtu, "Huyu hajui kusoma." Mwaka 2015 Tanzania Bara ilianza mtaala wa darasa la 1 na la 2 uliotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Nayo Kenya, mwaka 2023, ilifanya kwa mara ya mwisho mtihani wa kumaliza darasa la 8 ulioanza mwaka 1985. Nchi zetu zinatafuta njia.

Hapa kwetu Zanzibar, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi ya miaka 6, na ikaagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Bila kuingia katika mjadala mzima wa lugha, tunauliza swali moja tu la upimaji: mtoto anayeshindwa swali la hisabati kwa sababu hakulifahamu neno la Kiingereza, tumempima hesabu au tumempima lugha? Mtoto huyo huyo, msimu wa karafuu ukifika, hujua barabara pishi zake ni ngapi na anadai kiasi gani, wala mnunuzi hamdanganyi.

Wapo watakaosema kwamba tunataka mitihani ifutwe. La hasha. Mtihani ulio wa haki humlinda mtoto wa maskini. Kama nafasi za masomo ya juu zisingegawiwa kwa mtihani, zingegawiwa kwa ujamaa na kujuana. Wapo pia watakaosema kwamba mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu ujenzi wa madarasa mapya Unguja na Pemba ni jambo la kushukuru. Lakini hata katika darasa lililojaa, mwalimu anaweza kuchukua madaftari kumi kwa siku na kuandika sentensi moja ya msaada katika kila moja. Anaweza kuuliza swali kisha akanyamaza kidogo, badala ya kumwita mara moja yule yule aliyenyoosha mkono. Anaweza kuwauliza wote swali moja kabla ya kengele, wakajibu kwenye kipande cha karatasi, naye akajua kesho aanzie wapi. Vituo vya walimu tulivyo navyo ndipo mahali pa walimu kukutana na kuyatazama pamoja makosa ya watoto wao, bila kuogopa kwamba mkaguzi atawahukumu.

Nasi wazazi tunao wajibu. Mtoto akirudi nyumbani, swali letu la kwanza huwa, "Umekuwa wa ngapi?" Tumwulize badala yake, "Leo umejifunza nini, na wapi umekwama?" Tulifungue daftari lake, hata kama sisi wenyewe hatukusoma sana. Tusimtoe skulini wakati wa kuchuma karafuu, kisha mtihani ukija tukamwita mzembe. Na wale waliomo katika kamati za skuli wasiulize tu wangapi wamefaulu. Waulize pia, wale wasioweza kusoma ni akina nani, na nani anakaa nao.

Kila msimu tunaketi majamvini tukichambua karafuu, tukitenga punje upande huu na makonyo upande ule. Hata hayo makonyo hatuyatupi. Hupelekwa kiwandani Wawi, yakatoa mafuta yenye thamani. Ikiwa tunajali kiasi hicho yaliyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, tutawezaje kumwacha mtoto apotee kwa sababu jina lake lilisomwa mwisho? Naye mtoto si konyo. Ni mtu, anayeweza kesho kuyajua asiyoyajua leo, iwapo atapatikana mtu wa kukaa naye kwa nusu saa.

Juma hili, basi, kila mmoja wetu mwenye mtoto nyumbani alifungue daftari moja, asiangalie alama, aangalie makosa. Tunawatakieni juma jema, na Mungu awabariki walimu wetu wote.