Mshahara wa Hakimu ni Ngao ya Mnyonge

Mchimbaji dhahabu wa Macalder akishtakiwa, hakutani kwanza na majaji wa Nairobi. Hukutana na hakimu na kiongozi wa mashtaka. Kwa hiyo twauliza: ni nani anayepanga mishahara yao, na ni nani awezaye kuipunguza?

Kuhusu jaji, Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Kifungu cha 160 chaagiza kwamba mshahara wake utoke moja kwa moja katika Mfuko Mkuu wa Serikali, wala usibadilishwe kwa hasara yake. Kiwango huwekwa na Tume ya Kuratibu Mishahara na Marupurupu chini ya kifungu cha 230. Si Rais, si waziri. Jaji akitoa hukumu iliyo chungu kwa wakubwa, hawana ruhusa ya kumpunguzia unga.

Hata hivyo, historia yatuonya. Katiba ya zamani nayo ililinda mshahara wa jaji. Lakini mwaka 1988, chini ya chama kimoja, Bunge liliwanyang'anya majaji usalama wa kazi. Mshahara ukabaki salama katika maandishi, kiti kikawa mkononi mwa mwenye nguvu. Usalama huo ulirejeshwa mwaka 1990. Tulijifunza kwamba kinga moja pasipo nyingine haitoshi.

Leo ukuta huo ungali na ufa. Mshahara wa hakimu pia huwekwa na Tume, lakini ahadi ya kutopunguziwa katika kifungu cha 160 yamtaja jaji peke yake. Kiongozi wa mashtaka yu mbali zaidi na kinga hiyo. Tume huweka mshahara wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa walio chini yake, hutoa ushauri kwa serikali. Naye anayewashtaki wanyonge ndiye tunayemtaka awashtaki wakubwa pia. Atathubutuje, ikiwa riziki yake haina ulinzi?

Hatusemi watumishi hawa watajirishwe. Kifungu cha 230 chenyewe chataka mishahara iwe mzigo ambao hazina yaweza kuubeba. Wala hatumtetei mla rushwa. Musa aliwakataza waamuzi rushwa bila kuuliza wanalipwa kiasi gani. Twasema tu kwamba haki ya maskini isitegemee hisani ya mtawala.

Dawa ipo. Bunge laweza kutunga sheria ya kawaida itakayokataza kupunguza mshahara wa hakimu au wa kiongozi wa mashtaka angali kazini. Tena kila mwaka, makadirio ya bajeti yanapofikishwa Bungeni, kifungu cha 221 chaiamuru kamati husika kupokea maoni ya wananchi. Ndugu zetu, parokia na vikundi viandike barua, vitie sahihi, vimkabidhi mbunge wetu nakala. Mageuzi hayakuletwa na walionyamaza.